KUPIMA UPYA PETROLI NA HEWA YA PIKIPIKI BAADA YA KUBADILI CHUJIO

Katika miezi ya ukame, tangu Januari mpaka mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, barabara za udongo katika kaunti za Meru na Embu hutoa vumbi jekundu lililo laini kama unga. Vumbi hilo hukaa juu ya migomba na majani ya kahawa kando ya njia, na mtu aendaye kwa miguu kutoka Kangeta hata Maua hufika amebadilika rangi. Pikipiki nayo huvuta vumbi hilo hilo, tena kwa wingi kuliko mtu. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Injini ya pikipiki ya kuchukulia abiria, yenye ukubwa wa cc 100 tu, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na mkono wa moto ukiwa wazi kabisa, huvuta zaidi ya lita 200. Kinachozuia vumbi lisiingie ndani ya silinda pamoja na hewa hiyo ni chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita eya kilina.

Chujio likijaa vumbi haliachi kazi yake ya kuzuia. Huzuia kupita kiasi, hata hewa yenyewe. Hapo taabu huanza, nayo ina sura mbili. Sura ya kwanza inajulikana na kila dereva: pikipiki hula petroli, hutoa moshi mweusi, na hulegea mlimani. Sura ya pili huwashangaza wengi. Mwenye pikipiki hununua chujio jipya, hulitia mahali pake, naye hutumaini kwamba chombo kitakuwa kama siku kilipotoka dukani. Badala yake asubuhi injini haiwaki mpaka ivutwe choki kwa muda mrefu, ikiwaka huzimika, na mkono wa moto ukifunguliwa ghafula hukohoa. Akishuka mteremko hali amefunga mkono wa moto, bomba la moshi hupiga mishindo kama bunduki. Wengi hulaumu chujio kwamba ni la bandia, wakalirudisha la zamani, au, jambo lililo baya zaidi, wakaenda bila chujio kabisa. Mara nyingi chujio jipya halina kosa lo lote. Kabureta ndiyo iliyopimwa zamani kwa ajili ya chujio lililoziba, na hakuna aliyeipima tena.

KAZI YA KABURETA

Petroli haiwaki vema ikiwa majimaji. Huwaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa kwa kiasi chake. Kwa uzito, kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 14.7 za hewa ipate kuungua yote, pasibaki petroli wala pasibaki hewa. Kilo hizo za hewa si kitu kidogo. Katika mji wa Meru, ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, zingejaza nafasi ya mita 14 za ujazo, yaani chumba kidogo cha kulala kuanzia sakafu hata dari. Petroli ikizidi kiasi hicho, mchanganyiko huitwa mzito; ikipungua, huitwa mwepesi.

Ndani ya kabureta mna bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kufunga mlango. Ikishuka, boya hushuka na mlango hufunguka. Hivyo kimo cha petroli hakibadiliki, ikiwa boya ni zima. Juu ya bakuli pana njia ya hewa iliyofanywa nyembamba katikati, kama koo. Kila mtu aliyevuka mto Rupingazi au Thuci amekwisha kuona kwamba maji huenda kasi mahali mto unapobanwa na mawe. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo: ikipita kooni hukimbia, na ikikimbia msukumo wake hupungua. Hewa iliyo juu ya bakuli, ambayo imetulia, ina msukumo mkubwa zaidi, basi huisukuma petroli ipande kupitia kitundu chembamba cha shaba kiitwacho jeti, hata itokee kooni na kutawanyika kama ukungu.

Njia za petroli ni tatu, na ni lazima zijulikane moja moja, kwa maana fundi asiyezijua huponya kidole wakati ugonjwa uko gotini. Injini inaponguruma pikipiki ikiwa imesimama, na mkono wa moto unapofunguliwa kidogo tu, petroli hutoka katika jeti ndogo, nayo husimamiwa na skrubu ya mchanganyiko. Mkono wa moto ukifunguliwa tangu robo hata robo tatu, petroli husimamiwa na sindano iliyoning'inia ndani ya kizibo kinachopanda na kushuka. Kwa kuwa sindano hiyo imechongoka, kila ikipanda huacha nafasi kubwa zaidi. Mkono wa moto ukifunguliwa wote, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Dereva anayelalamika kwamba pikipiki yake imekosa nguvu mlimani na mzigo mgongoni, kisha fundi akageuza ile skrubu ndogo, hajasaidiwa, hata kama sauti ya injini iliyosimama imekuwa tamu masikioni.

Sasa yaeleweka kwa nini chujio lililoziba huleta moshi mweusi. Ni kama mkono uliofunika mdomo wa kabureta. Injini huvuta kwa nguvu ile ile, lakini hewa haipiti upesi, basi msukumo kooni hushuka zaidi na petroli hunyonywa kwa wingi. Choki hufanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi asubuhi yenye baridi. Chujio chafu huifanya mchana kutwa bila kuombwa.

MADHARA YAPATIKANAYO

Chukua mfano wa kijana achukuaye miraa kutoka Kangeta kwenda Meru, mwenye pikipiki aliyoinunua kwa mkopo. Miraa haingoji, baada ya siku mbili tangu ikatwe imenyauka na thamani yake imeshuka sana, na mwenye mzigo hakubali kusikia habari za kabureta. Pikipiki ya kijana huyu yaanza kutoa moshi. Fundi wa kando ya barabara hatazami chujio. Huifungua kabureta, huishusha sindano kitundu kimoja au viwili, hugeuza skrubu, na moshi hupungua kweli. Kijana hulipa, huondoka, hufurahi. Mwezi wa pili chujio lazidi kuziba, naye fundi ashusha tena. Mwezi wa tatu mtu mwingine amwambia kijana kwamba chujio lake limekwisha, naye alibadili mwenyewe jioni, bila kugusa kitu kingine. Sasa hewa yaingia kama siku ya kwanza, lakini petroli imebanwa mara mbili. Kesho yake apanda mlima na magunia mawili, polepole, mkono wa moto ukiwa wazi, jua la saa saba kichwani.

Mchanganyiko mwepesi huungua kwa uvivu, na moto wake huendelea hata wakati valvu ya kutolea moshi inapofunguka. Joto huongezeka. Injini ya pikipiki hizi haina maji ya kuipoza. Hupozwa na upepo wa mwendo, na juu ya mlima mwendo ni mdogo. Zaidi ya hayo, sehemu ya petroli ambayo ingepoza ndani ya silinda kwa kugeuka mvuke haipo. Kwanza husikika mgongano mwembamba kama njugu zikitikiswa katika kopo. Dereva asipoujali, pistoni hutanuka na kukwaruza silinda, au hushikamana nayo kabisa, na gurudumu la nyuma likafungwa ghafula kama breki iliyokanyagwa. Hilo peke yake laweza kumwua mtu aliye kwenye kona. Tena pistoni, ringi na kazi ya kuchonga silinda ni gharama inayopita bei ya machujio mengi, wakati siku za kulipa mkopo haziahirishwi.

Mtu akiuliza ni kosa la nani, jibu si fundi peke yake. Fundi alitibu dalili aliyoletewa. Lakini mwenye chombo hakumwambia kwamba chujio halijaguswa tangu mvua za vuli.

Kuna pia wale wanaoondoa chujio kwa kudhani kwamba pikipiki itapata nguvu. Ni kweli kwamba kwa siku chache huenda injini ikasikika nyepesi, hasa kama chujio lililotolewa lilikuwa limeziba. Lakini vumbi la barabara lina chembe za mchanga ulio mgumu kuliko chuma cha silinda. Likikutana na mafuta ya injini hugeuka kuwa kama msasa, na kila pistoni inapopanda hukwangua. Dalili yake huja baadaye: moshi wa buluu, mafuta ya injini kupungua, na nguvu kuisha. Hapo hakuna skrubu itakayosaidia.

MLIMA NA BONDE

Katika nchi nyingine somo hili lingeweza kuishia hapo. Katika Meru na Embu haliwezi, kwa kuwa nchi yenyewe imeinama. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya bahari, lakini mtu akishuka upande wa Ishiara na mto Tana hufika chini ya mita 1,000, na akipanda upande wa Kianjokoma hukaribia msitu wa Mlima Kenya. Timau iko juu ya mita 2,000. Isiolo, mwendo usio mrefu kutoka hapo, iko karibu mita 1,100. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Kwenye kimo cha mita 1,500 lita moja ya hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika saba ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Kwenye mita 2,500 imepungua zaidi ya sehemu moja katika tano.

Kabureta haijui habari hiyo. Hupima wingi wa hewa ipitayo, wala haijui uzito wake sawasawa. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa vema Ishiara, ikipanda Timau huwa na mchanganyiko mzito kidogo: hulegea, hunuka petroli, plagi huwa nyeusi. Ni hasara, lakini si hatari. Hatari iko upande wa kushuka. Pikipiki iliyopimwa katika baridi ya Timau mpaka ikawa sawasawa kabisa, ikishushwa Isiolo na mzigo hukuta hewa nzito zaidi, na mchanganyiko huwa mwepesi katika nchi yenye joto. Basi dereva ambaye kazi yake humpandisha na kumshusha kila siku na aipime pikipiki yake mahali pa chini anapofika, si mahali pa juu. Atapoteza petroli kidogo mlimani, lakini pistoni itasalimika.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Kabureta ndiyo ya mwisho kuguswa, ingawa mafundi wengi huifanya ya kwanza. Mambo mengine huiga ugonjwa wa kabureta hata fundi hodari akadanganyika.

Jambo la kwanza ni chujio lenyewe. Liwe la aina ile ile iliyowekwa na kiwanda, lienee vizuri katika sanduku lake, na mpira wa ukingoni usiache mwanya. Chujio la karatasi likichafuka hupigwapigwa taratibu, au hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Likiingia mafuta au likipasuka hutupwa. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa mafuta kidogo na kukamuliwa hata yasitone. Petroli isitumiwe kuliosha, kwa maana huilegeza gundi, na moto huwa karibu. Mtu asikate kipande cha godoro akakitia mahali pa chujio: sponji ya godoro haikufanywa kwa kazi hiyo, hukatikakatika, na vipande vyake huvutwa kooni.

La pili ni mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa umepasuka, hewa huingia nyuma ya kabureta bila kupimwa, na mchanganyiko huwa mwepesi hata ufanye nini na skrubu. Injini ikinguruma, na idondoshewe maji ya sabuni kidogo kwenye kiungo hicho. Sauti ikibadilika, au povu likivutwa ndani, ufa upo.

Kisha plagi isafishwe na nafasi yake ya cheche ipimwe, ambayo katika pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Nafasi za valvu zitazamwe injini ikiwa baridi. Na petroli iwe petroli. Habari ya kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli si uvumi; mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Mafuta ya taa katika petroli huleta moshi na mgongano ndani ya silinda, na dereva aliyenunua chupa kando ya njia huweza kuigeuza kabureta siku nzima akitafuta kosa lililo ndani ya tangi.

KUPIMA KWENYEWE

Kazi hii ifanywe nje, mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu.

Pikipiki iendeshwe kwanza kama dakika kumi mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, na choki iwe imefungwa kabisa. Injini baridi hutaka petroli nyingi, na aipimaye ikiwa baridi atakuwa ameipima kwa ajili ya dakika tano za asubuhi tu.

Kisha itafutwe skrubu ya mchanganyiko. Isichanganywe na skrubu kubwa ya mwendo, ambayo huinua kizibo na kuongeza kasi ya mngurumo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu skrubu ya mchanganyiko ina tabia mbili kulingana na mahali ilipo. Ikiwa iko upande wa injini, husimamia petroli iliyochanganyika: kuilegeza ni kuongeza petroli. Ikiwa iko upande wa chujio, husimamia hewa: kuilegeza ni kuongeza hewa, yaani kupunguza petroli. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine hufanya kinyume cha anachotaka, akashangaa. Katika kabureta nyingine kiwanda kimeifunika skrubu hii kwa kizibo kidogo.

Skrubu na ikazwe polepole huku mizunguko ikihesabiwa, hata ifike mwisho. Isikazwe kwa nguvu, kwa maana ncha yake ni nyembamba na huharibu kiti chake. Hesabu hiyo iandikwe. Ndiyo njia ya kurudi kama mambo yakiharibika. Halafu ilegezwe mzunguko mmoja na nusu, au kama kitabu cha pikipiki kisemavyo. Nyingi hukaa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu.

Injini iwashwe, na skrubu ya mwendo iwekwe ili ingurume kwa kasi kidogo kuliko kawaida. Sasa skrubu ya mchanganyiko igeuzwe robo mzunguko kwa wakati mmoja, na baada ya kila robo mtu angoje kidogo asikilize. Upande mmoja injini itaanza kusitasita na kuruka. Upande mwingine itaanza kunguruma kwa uzito na kunuka. Katikati pana mahali ambapo huzunguka upesi kuliko pote na sauti yake ni sawa. Hapo ndipo. Skrubu ya mwendo irudishwe chini mpaka mngurumo uwe wa kawaida, karibu mizunguko 1,400 kwa dakika katika pikipiki nyingi ndogo, kisha kazi ya skrubu ya mchanganyiko irudiwe mara moja tena, kwani moja huisogeza nyingine.

Jaribio ni hili: mkono wa moto ufunguliwe ghafula. Injini ikikohoa au kufa kabla ya kupanda, jeti ndogo yataka petroli zaidi. Ikipanda kwa uvivu na moshi mweusi, ina nyingi mno. Na ile mishindo ya bomba la moshi wakati wa kushuka, kama mabomba hayavuji, yatokana na mchanganyiko mwepesi wa njia hii ya kwanza. Robo mzunguko mara nyingi huiondoa. Kama skrubu iliyo upande wa injini inahitaji kulegezwa zaidi ya mizunguko mitatu ndipo injini itulie, basi mara nyingi jeti ndogo imeziba, na kugeuza zaidi ni kujidanganya.

Sindano hufuata. Juu yake pana vijia vidogo, mara nyingi vitano, na kibanio kimekaa katika kimojawapo. Kibanio kikishushwa kuelekea ncha, sindano hupanda na petroli huongezeka. Kikipandishwa, petroli hupungua. Yule kijana wa Kangeta, ambaye sindano yake ilishushwa mara mbili wakati chujio lilipokuwa chafu, alipaswa siku ile ya kubadili chujio kurudisha kibanio katika kijia chake cha kwanza, ambacho kwa kawaida ni cha katikati. Kazi ya robo saa. Pikipiki nyingine zina sindano yenye kijia kimoja tu, nazo huachwa kama zilivyotoka kiwandani, iwapo chujio ni la aina yake.

Mwisho ni jeti kubwa, nayo haipimwi kwa masikio bali kwa plagi. Itiwe plagi safi. Pikipiki ipandishwe mlima mahali pasipo na magari, mkono wa moto ukiwa wazi wote kwa muda wa nusu dakika hivi. Kisha kwa wakati mmoja klachi ibanwe na injini izimwe, na pikipiki iegeshwe kando kwa mwendo uliobaki. Injini isiachwe ingurume, kwa sababu mngurumo wa kusimama hufuta maandishi. Plagi ikipoa kidogo itolewe na kutazamwa. Udongo mweupe wa plagi ukiwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, mambo ni mema. Ukiwa mweupe mkavu, wenye chembe za kung'aa, petroli ni chache na pikipiki isiendeshwe na mzigo mpaka irekebishwe. Ukiwa mweusi wa masizi makavu, petroli ni nyingi. Ukiwa mweusi wenye utelezi wa mafuta, hilo si neno la kabureta. Ni ringi au valvu. Wazee waliofundishwa kusoma plagi zamani wakumbuke kwamba petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006, na petroli ya sasa huacha rangi iliyofifia kuliko ile waliyoizoea.

Jeti kubwa ina namba iliyochorwa juu yake. Chujio likiwa la aina ya kiwanda, na namba ikiwa ile ya kiwanda, haina haja ya kubadilishwa. Isizibuliwe kwa waya wa chuma wala sindano ya kushonea. Shaba ni laini, na kitundu kilichopanuliwa kidogo, hata jicho lisipoona, hubadili kiasi cha petroli milele. Namba yake hubaki ile ile na kumdanganya kila fundi atakayekuja. Hupulizwa kwa pampu, au huloweshwa, au hununuliwa nyingine.

MACHUJIO YA MAPAMBO

Katika maduka ya Meru na Embu huuzwa machujio yaliyo kama koni, yanayong'aa, ambayo hufungwa moja kwa moja kwenye kabureta baada ya sanduku la hewa kutolewa. Vijana huyapenda kwa sauti. Sanduku lile halikuwekwa na kiwanda kwa urembo. Hutuliza hewa kabla ya kuingia kooni, na jeti zote zilichaguliwa likiwa mahali pake. Likitolewa, mchanganyiko huwa mwepesi katika njia zote tatu, na skrubu haitoshi; yatakiwa jeti kubwa yenye namba ya juu zaidi, pengine na sindano kuinuliwa, kisha kusoma plagi mara kadhaa. Afanyaye hayo yote kwa subira huenda akapata nguvu kidogo. Mchukuzi wa majani ya chai au wa abiria hapati cho chote ila sauti na matope, kwa maana koni ile iko wazi kwa maji ya mvua.

Pikipiki mpya zilizoanza kuuzwa India baada ya Aprili 1, 2020, kwa sababu ya sheria za moshi za nchi hiyo, nyingi hazina kabureta tena bali huingiziwa petroli kwa kipimo cha umeme, na kipimo hicho hujirekebisha chenyewe mlimani na bondeni. Hata hivyo bado zipo pikipiki nyingi sana zenye kabureta katika njia za Meru na Embu.

Kazi ikiisha, mwenye pikipiki na aandike katika karatasi tarehe, mizunguko ya skrubu, kijia cha kibanio, na namba za jeti mbili, kisha karatasi hiyo itiwe katika mfuko wa nailoni chini ya kiti. Baada ya kilomita 500 plagi itolewe itazamwe tena. Wakati wa ukame, chujio lifunguliwe kila wiki mbili. Anayefuata lori la mchanga au la mawe kila siku, kila wiki.